Nimestaafu Kumpikia Rahma Wali Usio na Nazi

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Wazee wanaofanya kazi na Baba huko bandarini Kipevu wakistaafu hupigwa picha, hukatiwa keki na kupewa saa ya ukutani, sijui wawahi wapi. Mimi sikupewa kitu. Jumatatu naingia shule ya bweni, na Mama kaniambia niandike yote ninayoyajua kuhusu chakula cha mdogo wangu Rahma, maana kazi yangu inachukuliwa na binamu yangu Swabra, wa miaka kumi na miwili, anayehamia kwetu Chaani. Nadhani Mama alitarajia nusu ukurasa. Basi Swabra, na wengine nyote wenye ndugu kama Rahma, kaeni kitako.

Kwanza mjue kwa nini kazi hii nilipewa mimi. Si kwamba nilikuwa hodari wa kupika. Mimi ni mtu wa haya. Mgeni akibisha hodi mlango wa mbele, mimi nimeshafika jikoni. Na mtu anayeshinda jikoni, siku moja atapewa mwiko. Nilikuwa na miaka kumi na miwili kama wewe.

Rahma sasa ana miaka minane na ana usonji. Hasemi sana. Akisema huwa ameshafikiri, jambo linalomtofautisha na karibu kila mtu aliyewahi kumjadili. Anakula vitu vitano: wali mweupe, chapati isiyo na doa, ute mweupe wa yai la kuchemsha, ndizi ambayo bado ina ukijani kwenye ncha, na aina moja ya biskuti. Zamani vilikuwa sita. Hicho cha sita kilipoteaje, nitasema. Sina haraka ya kufika hapo, na mkifika mtajua kwa nini.

Tuanze na wali. Wali wa Rahma hautiwi nazi. Nyinyi mliozaliwa huku mnajua maana yake. Kwetu wali wa nazi si chakula tu, ni cheti cha tabia njema cha mama wa nyumba. Mara ya kwanza nilipoupika mkavu, jirani yetu Bi Salama alisimama uani, pua juu, akavuta hewa kama askari wa bandarini anayekagua kontena.

“Maimuna.”

“Abee.”

“Leo nazi zimeadimika?”

“La, Bi Salama. Ni wa Rahma.”

“Maskini.” Sijui maskini alikuwa nani, mimi au Rahma. Baada ya dakika kumi alikuja na bakuli la nazi aliyoikuna mwenyewe, kalifunika kwa sahani, na sauti kaishusha kama anayeleta rambirambi. “Mpe mamako. Mwambie asione haya, sote tunapitia.”

Tuliitia ile nazi kwenye wali wetu sisi wengine. Wallahi sijapata kula wali mtamu kama ule. Kwa hiyo Swabra, ukisikia unasengenywa kuhusu nazi, usikasirike. Toa bakuli.

Wali wenyewe: osha mchele mpaka maji yatoke meupe. Pika kwa gesi, usipike kwa makaa, maana moshi anausikia hata wewe usipousikia. Usikwangue chini. Najua sote tunagombania ukoko, lakini punje moja ya ukoko ikiingia kwenye sahani yake, mlo umekwisha. Uache upoe. Uweke kwenye sahani ya buluu. Yai likae upande wake na lisiguse wali. Usiulize kwa nini. Baba hali embe lenye nyuzi na hakuna aliyewahi kuitisha kikao cha ukoo.

Mbinu za kazi zimebadilika sana katika miaka yangu. Nilipoanza tulikuwa bado katika zama za ndege. Mama alikuwa akishika kijiko cha mchuzi, anakizungusha hewani na kuunguruma, “Ndege hiyo inatua, fungua uwanja!” Sasa mtoto wa Chaani, anayeona ndege za kweli zikishuka Port Reitz tangu asubuhi, utamdanganya na kijiko? Rahma aliinua macho akatazama dari, akasikiliza, akatazama kijiko, kisha akamtazama Mama kwa huruma. Mdomo haukufunguka.

Baadaye zikaja zama za ushauri. Mtaa wetu umejaliwa wataalamu wengi wa lishe ya watoto wa wenzao. Mmoja alisema tumemdekeza. Mwingine alisema apewe dawa ya minyoo. Akapewa, minyoo haikuonekana, na wali haukupata nazi. Mwingine alisema watoto wake yeye walikula hata pweza wakiwa na miaka miwili. Nawajua watoto wake. Mmoja wao bado anakula chaki.

Mkuu wa wataalamu wote alikuwa Shangazi Mwanakombo, dadake Baba, anayekaa Likoni. Msimcheke bure. Mama yao alipokufa yeye ndiye aliyewalea Baba na ndugu zake, na chakula kilikuwa cha kugawana kwa kidole. Mtu aliyekulia hapo, akiona mtoto anasukuma sahani, haoni usonji. Anaona kufuru. Mimi naelewa hivyo sasa. Wakati ule nilikuwa namwogopa tu.

“Huyu hana ugonjwa,” alikuwa akimwambia Mama. “Ana wazazi laini. Akishikwa na njaa atakula.”

Na yeye ndiye aliyeniambia mimi, pembeni, kwa sauti ya kunipenda kabisa: “Mfichie tu. Mtoto hajui.”

Haya, tumefika.

Kitu cha sita kilikuwa viazi vya kuponda. Alivipenda kuliko vyote. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona mjanja. Nilichemsha kipande cha nguru, nikachambua mwiba mmoja mmoja, nikakisaga mpaka kikawa kama unga, nikachanganya na viazi. Nilionja mwenyewe, sikusikia kitu. Nikampa kwenye sahani ya buluu nikikenua meno kama muuza duka.

Alikula kijiko kimoja. Akakiweka chini, pole pole, sambamba na sahani. Hakulia. Hakutupa kitu. Alinitazama tu, na ule ndio mtazamo ninaoutaka muujue ili msiutafute.

Siku hiyo hakula tena. Kesho yake nilimpikia wali, akanusa, akaondoka. Chapati, hapana. Hata biskuti aliigeuza akaichunguza pande zote kama noti bandia, akairudisha. Chochote kilichotoka mkononi mwangu kilikuwa na shaka. Siku ya tatu midomo ilikuwa imekauka na maji hataki, na Baba akambeba hospitali akatundikiwa dripu. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikihesabu vigae. Nesi alipouliza mtoto amekula nini mara ya mwisho, Mama alisema viazi. Mimi nilinyamaza. Nilimwambia Mama ukweli baada ya wiki, na yeye hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Vitu vingine vilirudi kimoja kimoja, akila kutoka mkono wa Mama. Viazi vya kuponda havijarudi hadi leo. Ndiyo kusema, mimi ndiye mfanyakazi pekee ninayemjua aliyepoteza asilimia kubwa ya ghala kwa kipande kimoja cha nguru.

Baada ya dripu ndipo tukapelekwa kwa dada mmoja wa kliniki. Mtu wa bara, Kiswahili chake cha mbio mbio, hata salamu aliikata katikati. Mama aliketi tayari kwa kugombezwa. Yule dada akachukua kalamu akauliza, “Anakula nini?”

Mama akaanza, “Hali samaki, hali mboga, hali mchuzi…”

“Sijauliza hiyo, mama. Anakula nini?”

Miaka yote hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Mama alivitaja vitano kama anayekiri makosa. Yule dada akaviandika vyote, akampima Rahma uzito, akaagiza apimwe damu, akatupa dawa ya matone na tarehe ya kurudi. Kisha akasema: “Hivi vitano tuvilinde. Usimwondolee anachokula ili ale usichokipata. Kipya kiweke kando, kidogo kama ukucha, kwa kisahani kingine. Asilazimishwe, asibembelezwe. Nyinyi kuleni, mnyamaze.”

“Tunyamaze mpaka lini?” Baba akauliza.

“Mpaka azoee kukiona, baba.”

Dawa zote ni rahisi kumeza isipokuwa hiyo. Ukoo wetu unyamaze mezani! Lakini tulijaribu. Miezi tuliweka kipande cha karoti kando, na miezi Rahma alikipita kama jirani asiyesalimiana naye. Siku moja alikigusa. Akanusa kidole. Mama akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Rahma akainuka akaenda kunawa mikono, na karoti ikarudi kuwa jirani mbaya kwa miezi mingine minne. Swabra, nakuomba: akigusa kitu kipya, tazama dirishani. Meza furaha yako na maji.

La biskuti pia nikwambie. Kiwanda kilibadilisha pakiti, kutoka nyekundu ikawa ya zambarau. Biskuti ni zile zile, lakini Rahma alikataa hata kuzitazama. Nilitafuta pakiti kuukuu nyekundu, na safari hii sikumficha. Nilimketisha mbele yangu, nikafungua ile ya zambarau, nikampa moja anuse, nikahamisha moja moja mbele ya macho yake. Alizihesabu. Akala. Tofauti kati ya viazi na biskuti, ikiwa utasahau yote mengine, ni kwamba biskuti aliniona mikono.

Sasa arusi. Mwaka jana tulialikwa Kisauni. Wanawake wameketi kwa masinia, pilau inafuka, na Mama akafungua kopo la wali mweupe wa Rahma, polepole, kama anayefungua kitu cha aibu. Mama mmoja tusiyemjua akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa bibi arusi:

“Kwani pilau yetu ina sumu?”

“La, dada. Mwanangu ana—”

“Ana mama, ndicho alicho nacho. Mwanangu mimi angejaribu hivyo!”

Wakacheka sinia zima. Mama akafunika kopo. Tuliondoka kabla hata bibi arusi hajatolewa kuonekana, na siku ile nilimsikia Mama akimwambia Shangazi kwenye simu, sauti imechoka: “Basi wifi, njoo umchukue. Labda wewe utaweza.”

Mpango ulikuwa hivi: Rahma akae Likoni wiki mbili za likizo. Hakuna wali mkavu, hakuna sahani ya buluu. Anakula wanachokula wenzake au analala hivyo. “Zile siku tatu mlishindwa kwa kuwa mlitishika mapema,” alisema Shangazi. Baba hakuafiki na hakukataa. Kwa Baba, dadake akisema, ni kama mamake kasema. Mimi nilikuwa nimeiona dripu. Nilijua wiki mbili ni nini. Na mdomo wangu, kama kawaida yake, ulikuwa umefungwa.

Sasa lazima niwaeleze kikombe.

Shangazi Mwanakombo hanywi chai ila kwenye kikombe chake. Ni cha udongo mweupe, kina waridi moja upande mmoja na ukingo wa dhahabu uliofifia, alipewa na marehemu mumewe. Husafiri nacho mkobani, kimefungwa kwa kipande cha leso. Akifika kwa mtu yeyote, hata matangani, hukitoa, hukipa jikoni kisuuzwe, na hukigeuza waridi limtazame yeye ndipo anywe. Watu wote husifu. Ati ni ustaarabu. Sahani ya buluu ya Rahma ndiyo iliyokuwa ujeuri.

Jumamosi ya kumchukua Rahma alifika asubuhi. Mkoba wa Rahma ulikuwa mlangoni umeshafungwa. Nikamwamkia, “Shikamoo Shangazi,” akaitikia, “Marahaba mwanangu,” akatoa kikombe akanipa nikioshe.

Nikakiosha. Nikakifuta. Kisha nikakizika ndani ya pipa la mchele.

Sikupanga. Mikono ndiyo iliyopanga. Nilipeleka chai kwenye kikombe cha wageni, kile cha seti nzuri ya Mama.

“Kikombe changu?”

“Sikioni, Shangazi.” Huo ulikuwa uongo wangu wa pili mkubwa maishani, na mara zote mbili ulihusu chakula.

Kikatafutwa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele wa kutafuta, nilifunua hata godoro. Chai ikatanda utando. Mama akamwaga, akaleta nyingine.

“Kunywa basi wifi, chai ni ile ile.”

“Si ile ile.”

“Iliki nimetia, tangawizi nimetia.”

“Sisemi iliki. Sina kiu, niacheni.”

Ilipofika adhuhuri alikuwa amejifunga leso kichwani kwa maumivu. Mtu wa vikombe vinne kwa asubuhi, hajaonja hata kimoja. Baba akajaribu: “Dada, kikombe ni kikombe. Fumba macho unywe funda moja tu.”

“Nifumbe macho? Mimi mtoto?”

“Kijiko kimoja tu, wifi,” Mama akasema, na Haki ya Mungu alikuwa amekishika kijiko. Hakuwa na nia mbaya. Ni mazoea ya miaka mingi.

“Nimesema sitaki! Mbona mnanikalia? Ikikataa kunishuka nitaitapika, hilo ndilo mnalotaka?”

Baba akaketi. Na Mama, wala si kwa kejeli, kwa uchovu tu, akirudisha kijiko kwenye sinia, akasema:

“Mwacheni. Akishikwa na kiu atakunywa.”

Mama mwenyewe alijisikia akisema, akajiziba mdomo. Shangazi alimtazama, kisha akatazama mkoba wa Rahma mlangoni. Kwa mara ya kwanza ukoo wetu ulinyamaza mezani bila kuagizwa na kliniki.

Na hapo Rahma akatoka jikoni. Siku zote yeye ndiye msimamizi wangu wa mchele. Nikipima, hutazama ndani ya pipa. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, punje za mchele zimejaa nusu. Akakiweka mbele ya Shangazi. Akakizungusha, waridi likamtazama mwenyewe. Akasema neno moja.

“Chake.”

Kisha akaenda mlangoni kupanga viatu.

Kila mtu alitazama punje za mchele, halafu, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama mimi. Natamani niwaambie nilisimama wima nikatoa hotuba. Nilitamani nirudi jikoni, lakini jikoni ndiko kulikokuwa na ushahidi.

“Maimuna,” Shangazi akasema.

“Abee.”

Akamimina mchele kwenye kiganja, akautazama. “Chai.”

Nilimletea. Alikunywa vikombe vitatu bila kuinua macho. Cha nne alikishika mkononi muda mrefu. “Wali wake unapikwaje?” akauliza, kana kwamba anaiuliza chai.

Nikamweleza. Mchele, gesi, ukoko, yai upande wake. Nadhani sijawahi kumwambia mtu mzima maneno mengi vile kwa mfululizo. Nilimwambia na ya nguru, kwamba kumficha ndiko kulikompeleka kwenye dripu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Hata tui jepesi la mwisho?”

“Hata hilo, Shangazi.”

“Astaghfirullah,” akasema. Alipoondoka alasiri, mkoba wa Rahma ulibaki mlangoni, na Mama akaufungua mwenyewe akarudisha nguo kabatini.

Hakuomba radhi, msitarajie makubwa. Lakini tulipokwenda Likoni wiki iliyofuata, sisi sote pamoja na sahani ya buluu, jikoni kulikuwa na sufuria mbili, moja kubwa yenye nazi na moja ndogo. Ile ndogo aliipika mlango umefungwa na dirisha limefungwa, jasho likimtoka, majirani wasije wakasikia harufu ya wali usio na nazi nyumbani kwa Mwanakombo. Rahma aliula wote. Shangazi alitazama dirishani, lile lililofungwa.

Basi Swabra, kazi ni hiyo. Sahani ya buluu iko rafu ya chini, pakiti nyekundu iko ndani ya kopo la majani ya chai; ibandike gundi kwa uangalifu, imeanza kuchanika. Na Shangazi akija, usikae karibu na mlango ukingoja kupewa kikombe. Siku hizi kikombe chake humpa Rahma akakioshe. Mimi haniamini tena, na viazi vya kuponda vimenifunza kutouliza ataniamini lini.